Kompyuta Inavuma, Inagonga, Inalia: Kujua Kelele Inatoka Wapi

Mtu akiniletea kompyuta yenye kelele hapa kibandani kwangu Chake Chake, bisibisi huwa siigusi mwanzo. Nazima feni ya dari, naiweka mashine mezani, naiwasha, kisha tunakaa kimya sote wawili tunasikiliza. Wengine huona napoteza muda. Lakini kila kiungo cha kompyuta kina sauti yake kwa sababu kila kimoja kina mwendo wake. Feni inazunguka tu. Diski inazunguka huku mkono wake ukienda na kurudi. Koili, yaani misokoto ya waya, zinatetema pasipo jicho kuona, na spika inatoa chochote ilicholetewa na waya. Ukiutambua mwendo, kiungo umeshakijua, na hakuna atakayekuuzia kitu usichokihitaji.

Nayasema haya kwa uchungu, maana watu wanatoa fedha kubadilisha vitu vizima na wanavipuuza vile vinavyokufa. Kelele kubwa aghalabu ni ya vumbi, na dawa yake ni mswaki mkavu. Kelele ndogo ndiyo inayoondoka na picha za harusi.

Basi kama unachosikia ni tik, tik, tik ya kupangika kama saa ya ukutani, na mashine inasuasua kufungua mafaili, usianzie hapa. Teremka mpaka kwenye habari za diski, nakili vitu vyako, ndipo urudi.

Kuisikiliza

Subiri usiku baada ya Isha, mtaa ukishatulia. Zima feni, funga dirisha la barabarani, weka simu mbali. Isikilize mashine inapowaka, kisha ikiwa imekaa haina kazi, kisha uibebeshe kazi nzito kama kucheza video kubwa. Kelele ya sekunde chache za mwanzo ambayo hutulia yenyewe si sawa na ile inayokuja baada ya nusu saa, mashine ikishapata moto.

Ukishindwa kujua inatoka upande gani, kunja jalada la daftari liwe bomba, tia ncha moja sikioni, na ya pili uipitishe taratibu kandokando ya kasha. Mimi natumia mwiko. Kichwa cha mwiko nakigusisha kwenye bati la kasha, na ncha ya mpini naiegemeza kwenye mfupa ulio mbele ya sikio. Mti hupitisha mtetemo vizuri kuliko hewa, na papo hapo unasikia tofauti ya kona ya nyuma juu, ambako pawa saplai, kisanduku kinachoigawia mashine umeme, hukaa katika makasha mengi ya zamani, na ya mbele chini, iliko diski. Mwiko uguse nje tu, ndani usiuingize.

Kisha bana ubavu wa kasha kwa kiganja. Kelele ikikatika, ni bati linalotetema. Kaza skrubu zake. Inua kasha kidogo kutoka mezani, na mvumo ukipungua, basi meza ndiyo inayokuza sauti. Diski ya kawaida ya mezani huzunguka mara 7,200 kwa dakika, yaani mara 120 kwa sekunde, na mtetemo huo ukishuka kwenye meza ya mbao nyembamba, meza inakuwa ngoma. Kata vipande vinne vya ndara ya mpira iliyochakaa, weka chini ya pembe nne za kasha. Nimeshawatuma watu nyumbani na ndara zao wenyewe, bila kuwatoza senti, na kelele ikaisha.

Huenda si kompyuta

Visiwani kwetu kompyuta mara chache hukaa peke yake. Umeme wa Unguja unakuja kwa waya wa chini ya bahari kutoka Ras Kiromoni hadi Fumba, na wa Pemba unatoka Tanga tangu mwaka 2010. Waliokuwapo Unguja Disemba 2009 hadi Machi 2010, miezi mitatu gizani, wanakumbuka umeme wa jenereta unavyopanda na kushuka. Ndiyo maana pembeni mwa mashine utakuta stabilaiza, inayosawazisha volti, au UPS, kisanduku chenye betri kinachoishikilia mashine umeme ukikatika, na vyote viwili vina midomo.

Izime kompyuta kabisa na uache hivyo vingine vikiwaka. Kama kelele bado ipo, umeshapunguza nusu ya kazi.

Stabilaiza inayopiga "tak!" mara mojamoja ni nzima. Ndani mna swichi ndogo inayoruka kutoka msokoto mmoja wa transfoma kwenda mwingine ili volti zirudi karibu na 230. Magharibi, majumba yote yanapowasha vitu kwa pamoja, itapiga zaidi. Ikipiga kila baada ya sekunde chache mchana kutwa, mwite fundi umeme aangalie soketi na viungio vya nyaya, maana waya uliolegea huyumbisha volti vivyo hivyo, na waya uliolegea huunguza nyumba. Mvumo mzito usiobadilika, "mmmmm", ni chuma cha transfoma kinachotetema mara 100 kwa sekunde kwa sababu umeme wetu ni wa mizunguko 50 kwa sekunde, na kila mzunguko hukitikisa mara mbili. Huo hauna madhara.

UPS inayolia umeme ukikatika inatimiza wajibu wake, na inapolia harakaharaka inakuhimiza uhifadhi kazi na uzime. Ikilia hali umeme upo, ama imebebeshwa kupita kiasi (angalia nani amechomeka pasi), ama betri imekufa. Betri hizi za madini ya risasi huishi miaka mitatu hadi mitano zikiwa kwenye nyuzi 25 hivi, na kila joto likiongezeka nyuzi 8 au 10 juu ya hapo, umri unakaribia kukatika nusu. Chini ya paa la bati wakati wa Kaskazi, betri ya mwaka wa pili kuchoka si ajabu.

Tik, tik, tik: diski

Diski nzima ina sauti mbili. Mvumo mwembamba usiokatika, na ukifungua faili, mlio mdogo wa haraka usio na mpango, kama kuku anayedonoa mchele kwenye ungo. Usiogope hiyo. Ogopa ugongaji wenye mpango: tik, tik, tik, unanyamaza, diski inashusha mzunguko, inaanza tena, tik, tik, tik. Maana yake mkono unaosoma unatafuta alama zilizoandikwa kwenye sahani inayozunguka ndani, hauzioni, unarudi kugonga mwisho wake, unajaribu upya. Kukwaruza kama msumari kwenye bati ni kubaya zaidi, kwani huenda kichwa kinachosoma kimeshagusa sahani.

Maalim mmoja wa skuli aliniletea mashine yake akisema feni inagonga.

"Tangu lini, Maalim?"

"Tangu Mfunguo Tatu, mwanangu. Nikasema haidhuru, inafanya kazi."

Tulikuwa tumeshafika Mfunguo Sita. Nikaiwasha mara moja, nikategea sikio, nikaizima. Nilimwambia wazi kwamba si feni. Tulipata alama za wanafunzi na barua zake, lakini folda moja haikufunguka tena: sauti za marehemu baba yake akisoma Qur'ani, alizozirekodi kwa simu miaka ya mwisho ya uhai wake. Alikaa kwenye benchi muda mrefu. Kisha akaniuliza kama japo aya moja inaweza kutoka. Haikutoka. Miezi ile mitatu ndiyo iliyozichukua.

Kwa hiyo ukiisikia sauti hiyo, usiizime na kuiwasha mara kwa mara kujaribu bahati. Kama bado inafunguka, chomeka flashi au diski ya nje na nakili kwanza kile usichoweza kukipata popote: picha, sauti, hati, kazi za masomo. Sinema ziache. Usiyapange upya mafaili ya diski (defrag) wala usiamrishe programu iikague sahani nzima, maana kazi hiyo yaweza kuimalizia. Ukishanakili, ndipo uangalie kama kosa ni la waya: badilisha waya wa data, hamishia plagi yake ya umeme kwenye tawi lingine la pawa saplai. Pawa saplai dhaifu inaweza kuifanya diski nzima igonge hivihivi, nami nimeona mara kadhaa. Programu ya bure ya CrystalDiskInfo itakusomea hali ambayo diski yenyewe imejiandikia. Ikionesha rangi ya manjano au nyekundu, anza kuitafutia badala.

Kuna mambo mawili naomba usiyafanye. La kwanza ni kuifungua diski. Kichwa kinachosoma kinaelea juu ya sahani kwa umbali wa nanomita chache, na unywele wa mtu ni mnene kuliko nafasi hiyo zaidi ya mara elfu. Chembe moja ya vumbi la chumbani ni jabali linaloangukia pale. La pili ni kuitia kwenye friza, kama wengi wanavyoambizana. Ukiitoa katika hewa yetu yenye unyevu, umande unaifuata mpaka ndani.

Diski za kisasa za SSD hazina kitu kinachozunguka, hivyo haziwezi kugonga. Kama mashine yako ina SSD peke yake na unasikia tik, tafuta kwenye feni.

Mvumo: feni

Mvumo unaopanda mashine ikipewa kazi na kushuka ikipumzika ni feni inayotii kipima joto. Swali ni joto linatoka wapi. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, itafunguka orodha ya programu zinazofanya kazi. Panga kwa matumizi ya prosesa (CPU), kiungo kinachofanya hesabu za mashine. Ikiwa moja imechukua karibu nguvu zote nawe hukuifungua, huenda Windows inajisasisha, basi ngoja. Huenda pia ni kirusi kinachotumia mashine yako kwa faida ya mtu mwingine. Ifunge uone. Mvumo ukishuka ndani ya dakika moja mbili, usifungue kasha, shughulika na programu.

Ikiwa orodha imetulia na mvumo uko palepale, ni vumbi. Na vumbi la huku si kama la kwingine. Ndani ya Mji Mkongwe, kuta za matumbawe na chokaa hupukutika unga mweupe usiku na mchana. Mashamba kuna vumbi la barabara za kifusi. Juu ya hayo kuna chumvi ya bahari inayokuja na upepo. Chumvi ina tabia ya kunyonya maji ya hewani pale unyevu unapopita kama asilimia 75, na kwetu sisi hiyo ni hali ya siku nyingi za mwaka. Ndiyo sababu vumbi letu halipeperuki ukilipuliza. Linashikamana kati ya mbavu nyembamba za alumini juu ya prosesa, linakuwa kama sufi iliyolowa, hewa haipiti, feni inazidi kukazana.

Chomoa waya wa umeme ukutani, kisha ubonyeze kitufe cha kuwashia sekunde kumi ili umeme uliobaki uishe. Toka nje ya nyumba, upenuni au uani. Fungua ubavu wa kasha, gusa bati lake uondoe umeme wa mwilini mwako. Tumia mswaki mpya mkavu, na ufuate mbavu kwa urefu wake, usizikatize, maana zinapinda. Utaona utando wa vumbi unainuka kipande kizima kama jamvi dogo. Ung'oe kwa kijiti cha mshikaki kisicho na ncha kali. Baada ya hapo pampu ya baiskeli inatosha kupuliza kilichobaki. Mafundi wenye blowa ya umeme wasikilize hili: ishike feni kwa kidole isizunguke. Feni inayozungushwa kwa upepo mkali hupita mwendo wake, bushi inayoshika mhimili wake inaumia, na yenyewe inageuka jenereta ndogo inayorudisha umeme kwenye bodi.

Ikiwa mashine ina miaka na haijawahi kufunguliwa, kama zilivyo nyingi za mtumba, hata vumbi likiisha huenda bado ikavuma. Hapo pesti ya joto iliyo baina ya prosesa na alumini imekauka. Inafutwa kwa spiriti na kitambaa, na inatiwa mpya kiasi cha punje ya mpunga. Kuzidisha hakupozi zaidi.

Kuna feni inayokoroma asubuhi, "krrrrr", kisha ikatulia ikipata moto. Hiyo bushi yake imekauka mafuta. Ili ujue ni ipi kati ya mbili tatu, gusa kitovu cha feni kwa upande wa kifutio wa penseli, sekunde mbili tu, ukijihadhari na mapanga yake. Kelele ikikatika ndiyo hiyo. Ifungue, bandua kijikaratasi kilicho mgongoni, tia tone moja la mafuta ya cherehani, zungusha kwa kidole, rudisha karatasi. Mafuta ya nazi hapana. Hayakutengenezwa kwa kazi hiyo, hunata na kushika vumbi. Tone hilo litakupa wiki au miezi, na muda huo utafute feni mpya. Pima upana kwa rula, 80 au 120 milimita ndizo za kawaida, na uhesabu pini za plagi, tatu au nne. Kubwa inayozunguka polepole hupiga kelele kidogo kuliko ndogo inayokimbia, hivyo ukiwa na nafasi ya 120 ichukue.

"Trrrrr" kama karatasi kwenye tindi za baiskeli ni waya unaogusa mapanga. Ufunge pembeni.

Kelele ikitoka ndani ya pawa saplai, usiifungue. Kapasita zake hushika umeme hata ukishachomoa. Ipulize kwa nje, na isipotulia ibadilishe.

Mbinja nyembamba

Kijana analalamika kompyuta inapiga mbinja, babu yake anaapa hasikii kitu. Wote wawili ni wakweli. Masikio machanga husikia mpaka karibu mitetemo 20,000 kwa sekunde, na kadiri umri unavyokwenda sauti za juu zinapotea. Mbinja hiyo inatoka kwenye koili za kadi ya grafiki, inayochora picha za skrini, au za pawa saplai, ambazo umeme hukatwa na kurudishwa ndani yake maelfu ya mara kwa sekunde, na waya wake unatetema. Utaitambua kwa sababu inabadilika pamoja na kilicho kwenye skrini: ukisogeza ukurasa inabadilika, ukifungua mchezo inakaza. Haiharibu kitu. Ukiweza, weka ukomo wa picha 60 kwa sekunde kwenye mipangilio ya mchezo, na itapungua.

Spika

"Di-di-dit, di-di-dit" kisha simu inaita: ni simu yako. Isogeze. Mvumo mzito usiokoma wakati hakuna kinachochezwa, ambao hauishi hata ukipunguza sauti kwenye kompyuta, mara nyingi unatokana na ethi, yaani waya unaopeleka umeme uliopotea ardhini. Kompyuta imechomekwa soketi moja, spika nyingine. Vichomeke vyote kwenye ekstensheni moja na usikilize tena. Na ukigusa bati la kasha ukahisi kama sisimizi wanakutembea vidoleni, ujue waya wa ethi haufanyi kazi. Wengi wameingiza plagi ya pini tatu kwenye adapta ya pini mbili na ethi ikaachwa njiani, au nyumba yenyewe haina. Lirekebishe hili kwa ajili ya watoto wanaogusa mashine hiyo miguu ikiwa wazi, kabla hujafikiria spika.

Pi, pi, pi wakati wa kuwasha

Hii ni bodi inayosema kosa lake, na kila kiwanda kina hesabu yake. Kwa BIOS (programu inayoiamsha bodi) za Award, mlio mmoja mrefu na miwili mifupi ni kadi ya grafiki. Kwa zinazoletwa kwangu, RAM, kile kibao cha kumbukumbu ya muda, ndiyo inayoongoza, na si kwamba imekufa: meno yake ya dhahabu yamefunikwa na uchafu wa hewa ya chumvi. Chomoa umeme, itoe, sugua meno kwa raba safi ya kufutia penseli, futa, irudishe mpaka vibanio viwili vilie "tak". Jaribu kipande kimoja kimoja.

Kimya

Nyumba moja ya Wete waliniita wakiwa na furaha kwamba mashine iliyokuwa ikivuma imenyamaza, ila sasa inajizima kila baada ya dakika tano. Nilipofungua nilikuta mjusi kafiri amebanwa baina ya panga la feni na fremu yake. Alifuata joto, akaingia kwa nyuma pale ambapo kijibati cha nafasi ya kadi kiling'olewa na hakikurudishwa. Feni imesimama, prosesa inachemka, mashine inajizima isiungue. Nilimtoa kwa kibano, feni ikazunguka, mvumo ukarudi, na tundu la nyuma nikaliziba kwa kipande cha wavu wa dirisha. Mashine yako ikinyamaza ghafla hali hukuifanyia chochote, weka kiganja nyuma yake uone kama upepo unatoka. Usipousikia, izime hapo hapo.